Kisima, nyoka na pampu: uchambuzi wa kisa kimoja cha pwani ya Dar es Salaam

Kisima chenyewe kiko mita 400 hivi kutoka ufukweni, upande wa kaskazini wa jiji, katika ule ukanda wa Kunduchi hadi Bunju ambako vijiji vya zamani vya Wazaramo na Washomvi vimemezwa na nyumba za kupangisha na kuta za wenye uwezo. Mtaa hatuupi jina. Kisa kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika mitaa ya aina hii, na vipimo vyake vimechaguliwa ili msomaji apige hesabu mwenyewe. Maswali yake ndiyo hasa yanayowakuta wanaoingia mtaani na mradi wa maji wakakuta kuna mzimu.

Tuanze na kisima kabla ya nyoka. Kimechimbwa kwa mkono, kimejengewa mawe ya matumbawe kwa chokaa, kipenyo mita 1.2, kina mita 6.5. Mwishoni mwa kiangazi maji husimama mita 5 chini ya mdomo, hivyo hubaki mita 1.5 za maji, sawa na lita 1,700 hivi. Uwanja wa kisima uko mita 5.6 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo uso wa maji uko sentimita 60 tu juu ya bahari. Namba hiyo ya mwisho mradi wa pampu uliokuja baadaye haukuipima, na ndiyo iliyouangusha.

Kaya 80 hutegemea kisima hiki kwa kupikia, kufulia na kutawadha, wastani wa ndoo tano za lita 20 kwa kaya, yaani lita 8,000 kwa siku. Maji ya bomba yapo mtaani lakini ni ya mgawo, na kila mto Ruvu unapopungua, kama ilivyokuwa Oktoba 2022, watu hurudi kisimani wote kwa pamoja, hata wale waliokuwa wanakicheka.

Masharti ya kisima yanajulikana na kila mtoto. Chuma hakiingii majini: ndoo ni ya plastiki au ya mpira, kamba ni ya usumba au ya nailoni. Sabuni isifike ndani ya hatua ishirini. Kuanzia adhuhuri hadi alasiri hakuna anayechota, maana mwenye kisima anapumzika. Anayeshuka kuchimba mchanga asivuke jiwe jeusi lililo chini, maana akilivuka ataiamsha bahari. Mwenye kisima ni nyoka. Mlinzi wa masharti ni bibi mmoja ambaye hana cheo chochote serikali ya mtaa, hana mshahara, na neno lake pale kisimani halipingwi.

Hadithi ya asili ina sura tatu, na hapa mtafiti hana budi kutulia. Upande wa mwenye mji, yaani mkuu wa ukoo unaojihesabu kuwa wa kwanza hapa, husimulia kwamba babu yao, mwindaji, alifuata damu ya mnyama aliyemjeruhi hadi kwenye bonde dogo, akamkuta nyoka amejiviringisha juu ya maji. Nyoka akamruhusu achote kwa kata, kwa sharti kwamba kizazi chake ndicho kitakacholinda. Wanawake wanaochota kila siku wana sura nyingine: aliyepata maji ni mwanamke mjamzito aliyekimbia vita, akachimba kwa kata moja iliyovunjika, akajifungulia hapohapo. Hakuacha jina wala ukoo. Waliosoma madrasa wanasema sharifu kutoka Barawa, pwani ya Somalia, alipiga fimbo mchangani, maji yakatoka, naye akayafanya wakfu.

Ukizisikia zote tatu huna haja ya kuuliza ipi ni ya kweli. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika mwaka 1926 kwamba hekaya ya asili hufanya kazi ya hati: inahalalisha haki ya leo kwa tukio la jana. Sura ya kwanza inaukabidhi ukoo mmoja kisima. Ya pili inakinyima ukoo wowote. Ya tatu inakipeleka msikitini. Pwani hii imezoea hati za namna hiyo. Masimulizi ya Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo aliyeitwa na Washomvi wa pwani kuwapiga Wakamba na baadaye akapewa haki ya kupokea ushuru kwa Washomvi hao, ni hadithi ya vita kwa anayeisikiliza mara moja. Ukiisikiliza mara ya pili ni maelezo ya nani amlipe nani. Nyoka naye si mgeni: Wazaramo walipeleka maombi ya mvua kwa Kolelo, nyoka wa pangoni katika milima ya Uluguru, na jina hilo lilivuma tena katika vuguvugu la Majimaji mwaka 1905.

Jambo linalopuuzwa ni kwamba sura hizi tatu huishi pamoja bila kuvunjana. Husimuliwa mahali tofauti, na watu tofauti, na hakuna kikao kinachozipigia kura. Mwenye mji anajua wanawake wanasema nini, na wanawake wanajua kwamba anajua. Kutokuamua huko ndiko kunakofanya asiwepo mtu wa kusema kisima ni changu kwa sauti ya juu. Kwa hiyo anayekusanya hadithi asiikusanye kwenye mkutano, maana mkutanoni utapewa ile ya mwenye kiti cha mbele. Isikilize angalau mara tatu, kwa watu ambao hawako pamoja, kisha uliza swali moja tu la nyongeza: kwa mujibu wa hadithi hii, nani hawezi kukatazwa kuchota?

Sasa sadaka ya kisima. Hufanyika mara moja kwa mwaka, kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi, kabla masika hayajaanguka. Huchukua siku tatu. Ijumaa baada ya alasiri kisima hufungwa, na kila kaya huwa imeshajaza madumu ya siku mbili. Jumamosi alfajiri bibi na wanawake wawili watatu huweka yai na maji ya waridi chini ya mkwaju na kufunga pima mbili za bafta nyeupe shinani. Hilo hufanyika kabla watu wa msikitini hawajafika, na wao hujitahidi wasifike mapema. Kuna waumini wanaoona jambo zima ni shirki. Maafikiano yaliyopatikana ni ya saa, si ya itikadi: tambiko alfajiri, Yasini na dua saa mbili asubuhi, kila mmoja kwa wakati wake.

Kisha chetezo cha ubani hushushwa kwa kamba hadi karibu na maji. Makaa yakizimika, hakuna anayeshuka siku hiyo. Wazee wanasema mwenyewe hajaridhia. Fundi wa visima atasema hewa ya chini haina oksijeni ya kutosha, au kuna kaboni dayoksaidi iliyotulia. Wote wawili wanazuia kifo kilekile. Tahadhari moja lazima iongezwe, na mradi wowote uiseme wazi: makaa yanayowaka hayathibitishi kwamba hewa ni salama. Hayagundui kaboni monoksaidi, na hiyo ndiyo inayoua watu pale mtu anaposhusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji haraka. Injini ya petroli isiwashwe ndani ya kisima wala mdomoni mwake. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, na juu wabaki watu watatu wenye nguvu za kumvuta.

Maji huchotwa hadi yabaki ya magotini, halafu mchanga na tope hutolewa, ndoo 30 hadi 40. Mawe yaliyolegea hupigwa chokaa upya. Bibi haondoki mdomoni mpaka aliyeko chini apige jiwe jeusi kwa mti na sauti isikike juu. Miaka ya karibuni imeongezwa klorini. Kwa lita 1,700, kiwango cha miligramu 50 kwa lita kinahitaji gramu 85 za klorini halisi, ambayo ni gramu 130 za unga wa asilimia 65. Unga huyeyushwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki na kuachwa utulie, maji ya juu ndiyo yamwagwe kisimani na kupakwa ukutani, kisha kisima kilale usiku mzima. Jumapili maji hutolewa na kumwagwa mbali mpaka harufu iishe.

Mchana huo huliwa pilau: mchele kilo 25, nazi 25 kwa wali wa pembeni na mchuzi, beberu mmoja. Yatosha watu 150 kama mgawaji ana macho. Kabla ya sinia kushuka, husomwa orodha ya kaya, nani alileta kibaba cha mchele, nani alivuta kamba. Asiyefanya lolote hapigwi faini. Anapangiwa wiki ya kufagia uwanja wa kisima, na watu 150 wamesikia.

Hayo yote, kwa mtu anayejaza fomu ya mradi, yaliingia kwenye mstari mmoja: "chakula na burudani". Mstari ulifutwa. Hili ndilo kosa kubwa la mradi kuliko yote yaliyofuata, na hatusemi hivyo kwa kuonea mila huruma. Pilau ndiyo ilikuwa malipo ya kazi, rejista ya walipaji na mahakama. Ukiiondoa huna budi kuajiri watu watatu.

Mradi ulikuja na nia njema: tangi la lita 10,000 juu ya mnara, pampu ya umeme ya kuzamishwa yenye uwezo wa lita 3,000 kwa saa, mfuniko wa chuma wenye kufuli, kioski chenye mabomba manne, kamati ya watu saba. Walioshauriwa walikuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mwenye mji. Bibi wa kisima alialikwa siku ya uzinduzi, akapewa kanga. Hadithi ya mwindaji na nyoka ilichorwa kwenye tangi kwa rangi nzuri, na chini yake jina la ukoo.

Wiki ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Wauza maji wa mikokoteni wakasikia habari, wakaja kumi na wawili, kila mkokoteni madumu 15, safari mbili kwa siku. Hizo peke yake ni lita 7,200. Tangi likawa linajazwa mara mbili kila siku, na saa za mapumziko ya mchana zikawa ndizo saa nzuri za kusukuma maji kwa sababu umeme haukatiki sana. Wiki ya saba chai ikaanza kuwa na ladha ya chumvi. Kipimo cha upitishaji umeme wa maji, ambacho hupanda chumvi inapozidi, kilikuwa mikrosiemensi 900 kwa sentimita, kikafika 2,600.

Sababu yake haina uchawi ndani yake. Kwenye mchanga wa pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi: kilo 1,000 kwa mita ya ujazo dhidi ya 1,025. Kanuni ya Ghyben na Herzberg husema kila sentimita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari hushikilia sentimita 40 chini yake. Sentimita 60 za kisima hiki zinashikilia, kwa hesabu ya karatasi, mita 24 za maji matamu. Ukiushusha uso wa maji kwa sentimita 10 na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi hupanda kwa mita 4 hivi. Pampu ilikuwa inaushusha kwa mita 1.2 saa nyingi za siku, yaani chini ya usawa wa bahari wenyewe. Chumvi haiji siku hiyohiyo kwa sababu mchanga huchelewesha mwendo, na ndiyo maana mafundi walikuwa wameshakabidhi mradi na kuondoka. Watu waliokuwa wanachota kwa kamba, lita 800 hivi kwa saa na kupumzika mchana, walikuwa wakikwangua juujuu.

Mtaani maelezo yalikuwa mengine na yalikwenda mbio. Chuma kimemuumiza nyoka. Bahari imeamshwa. Fundi aliyeshusha pampu aliugua homa, ikasemwa chunusi, jini wa majini, kamwonja. Kioski kikasusiwa, kufuli likavunjwa usiku, nyaya zikaibwa, na aliyeiba hakutafutwa. Wakati huohuo mwenye mji alikuwa amepiga picha ya tangi lenye jina la ukoo wake na kuiambatanisha na maombi ya leseni ya makazi kwa uwanja wa kisima. Leseni hiyo ipo kisheria, inatokana na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na Dar es Salaam maelfu ya watu wanayo. Mchoro wa mapambo ukawa kielelezo. Sura mbili nyingine za hadithi hazikuwa na ukuta wa kuchorwa.

Wachambuzi wengi hukimbilia hapa kusema: mnaona, mila ni sayansi ya wazee. Mapumziko ya mchana ni muda wa maji kujaa, jiwe jeusi ni kikomo cha kina, chetezo ni kipimo cha hewa. Ni kweli kwa sehemu, na mfano wa Bali nchini Indonesia unaunga mkono. Mwanaanthropolojia Stephen Lansing alionyesha kwamba mahekalu ya maji huko yalipanga zamu za kumwagilia mpunga, na serikali ilipohimiza kilimo cha mfululizo miaka ya 1970, wadudu na ugomvi wa maji viliongezeka. Lakini maelezo haya hula nusu ya ushahidi. Bafta nyeupe haisafishi maji. Katazo la chuma huenda lilianza kwa ndoo nzito zilizobomoa mawe, huenda halikuanza hivyo, na anayelishika leo halishiki kwa ajili ya mawe. Ukimwambia bibi kwamba nyoka wake ni kanuni ya Ghyben na Herzberg umemvua madaraka: kuanzia hapo mwenye kipimo ndiye mlinzi.

Swali lenye faida zaidi ni la Elinor Ostrom, mtafiti wa namna watu wanavyotunza mali ya pamoja. Mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin alidai mali ya wote huishia kuharibiwa na wote. Ostrom, katika kazi yake ya mwaka 1990, alionyesha kwa mifano ya misitu, mifereji na uvuvi kwamba jamii nyingi hulinda mali hizo kwa karne nyingi zikiwa na mipaka inayojulikana, masharti yanayolingana na mahali, wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji, na adhabu zinazoanza ndogo. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kisima chetu kilikuwa na karibu vigezo vyake vyote. Kilichokosekana ni kimoja, nacho kilikuwa kimekosekana kabla ya mradi kuja: wanaobanwa na masharti wawe na sauti ya kuyabadili. Wapangaji, ambao ni zaidi ya nusu ya kaya 80, huvuta kamba na kuleta kibaba, lakini hawakai kwenye jamvi la wazee. Tusiwapambe wahenga kupita kiasi. Vijana wa mikokoteni nao hawakuvamia, walifungiwa nje tangu zamani, na kioski ndicho kilikuwa mlango wao wa kwanza.

Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland aliyefanya utafiti Bunju miaka ya 1960, alisisitiza jambo linalofaa hapa: ibada za Wazaramo, hasa za wanawake na wali (wasichana waliovunja ungo), hazikuwa masalia ya kale yanayosubiri kufa. Zilikuwa njia ya watu kuyapanga mabadiliko yaliyokuwa yanawakuta. Klorini iliyoingia katikati ya sadaka bila kelele ni ushahidi mzuri kuliko hotuba. Iliingia kwa sababu ilikuja kupitia kwa bibi, ikapewa nafasi baada ya chetezo na kabla ya pilau.

Marekebisho yalichukua vikao vinne, viwili vikiwa vya wanawake peke yao. Pampu ya kuzamishwa iliondolewa. Ikawekwa ndogo ya juu ya ardhi, inayovuta lita 600 kwa saa kupitia bomba la plastiki. Pampu ya kuvuta hufanya kazi vizuri hadi mita 6 au 7, na hapa maji yako mita 5, kwa hiyo sharti la chuma limetimizwa bila mtu kulazimika kusema analiamini au haliamini. Mdomo wa bomba umefungwa kwenye boya ili uvute sentimita 30 chini ya uso wa maji, kamwe si sakafuni. Saa ya umeme huizima pampu adhuhuri hadi alasiri. Kipimo cha upitishaji umeme husomwa kila Jumatatu na kuandikwa kwenye daftari linalokaa kwa bibi, na kikipanda kwa theluthi juu ya 900, yaani 1,200, pampu hulala na kamba hurudi. Mikokoteni ilihamishiwa kwenye kioski cha bomba la mamlaka ya maji barabarani, na wawili wao wakaingia kamati ya kisima. Chumvi ilichukua masika mawili kupungua.

Kulikuwa na hoja ya kuchimba kisima kirefu mahali palepale. Ilikataliwa kwa sababu mbili: kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kuchimba kwenda chini zaidi mita 400 kutoka baharini, katika mchanga huu, ni kuifuata chumvi nyumbani kwake.

Tarehe nayo ilileta mzozo ambao hakuna aliyeutarajia. Kamati mpya ilitaka sadaka iunganishwe na Maulidi ili gharama ziwe moja. Maulidi ni ya Mfungo Sita, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua. Ndani ya miaka kumi sadaka ingesogea zaidi ya miezi mitatu, iangukie masika au vuli, maji yakiwa juu na kuta zimelowa, wakati ambao hakuna wa kushuka. Bibi alilijua hilo bila hesabu. Imamu alilikubali baada ya kuhesabu.

Tangi limepakwa chokaa, limebaki jeupe. Masharti manne yameandikwa kwenye kibao cha mbao langoni, bila hadithi na bila jina la ukoo. Maombi ya leseni ya uwanja bado yako ofisini, na kamati imeandika pingamizi lenye saini 61, za wapangaji zikiwa 38.